Namba Moja kwenye Kamba ya Kinyozi

Mimi mtu nikimtazama shingo tu, najua atakufa lini. Si majigambo. Nimewataja wengi, na karibu wote walikufa kama nilivyosema, ingawa baadhi yao walichukua miaka thelathini, na yule mzee wa kuuza mkaa niliyemnong'oneza mkewe kwamba hafiki Ijumaa alinipita juzi kwenye baiskeli, kapakia magunia mawili, akasimama kuniuliza kama nataka kusaidiwa kuvuka barabara. Basi tuseme kazi hii naijua kwa kuikosea. Lakini nilikuwa nakosea peke yangu, kimya kimya, uani kwangu. Kinyozi wa mtaani kwetu alikosea kwa utaratibu, tena watu wakapiga kura.

Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na redio iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Juu ya kioo, kutoka msumari hadi msumari, ilipita kamba. Kwenye kamba, kwa vibanio vya kuanikia nguo, alibana vipande vya boksi, na kila kipande kiliandikwa jina la mtu mashuhuri aliyekuwa mgonjwa, au mkongwe kupita kiasi, au aliyeonekana kwenye televisheni akiwa amekonda. Wa kulia kabisa, jirani na redio, ndiye namba moja, anayetarajiwa wakati wowote. Wengine walifuatana mpaka namba kumi, upande wa mlangoni, ambao bado waliruhusiwa kupumua.

Kila Jumamosi, baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, wateja walipiga kura na vibanio vikasogezwa. Kila mteja alikuwa na mtu wake. Mtu wako akifa kweli, unanyolewa bure miezi mitatu, kichwa na ndevu. Masharti yalikuwa mawili tu: huruhusiwi kumweka mkweo, na huruhusiwi kushangilia kabla ya maziko.

"Hapa tuna utu," kinyozi alipenda kusema, huku akipuliza nywele kwenye mashine.

Siku zile namba moja alikuwa mama mmoja mwigizaji wa redioni, aliyepooza upande. Namba mbili alikuwa waziri wa zamani. Hakuna aliyejua anaumwa nini, lakini alikuwa amesafirishwa nje mara tatu na hakurudi na mzigo hata mara moja. Namba tatu alikuwa mpiga gita aliyekwisha kutangazwa kufa mara mbili, na mara zote mbili alipiga simu redioni mwenyewe kukanusha, tena kwa matusi. Namba tisa alikuwa Komeo.

Komeo alikuwa golikipa wa timu ya taifa miaka kumi na mbili. Jina hilo alipewa na mashabiki, kwamba akiubana mlango umebanwa. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, mrefu, mapana ya mabega bado yapo, viganja kama sinia. Macho yake yote mawili yalikuwa yamepauka kama maji ya mchele. Siku hiyo ya Jumamosi aliingia kibandani ameshikwa mkono na mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, ambaye watu walimwita Mama Sare. Mkewe akamkalisha, akamwelekeza uso upande wa kioo ili asije akazungumza na ukuta.

"Niko ngapi leo?" Komeo akauliza, kifua mbele. Hilo lilikuwa swali lake la kila wiki. Alilipenda.

Kinyozi akajifanya anatafuta kitana.

"Wewe kinyozi, nimekuuliza. Niko ngapi?"

"Mzee, wiki hii tumefanya mabadiliko kidogo."

"Nimepanda?"

"Umetoka."

"Nimetoka wapi?"

"Kwenye kamba, mzee. Tumemwingiza yule mchekeshaji kijana. Sukari imemshika mguu. Ana kasi yule."

Komeo akageuka kule alikodhani kinyozi yuko. "Yaani hata kufa mmeniweka benchi?"

"Huna dalili, mzee wangu. Ni macho tu. Macho hayaui."

"Na mimi ndiye niliyekuwa na wewe," akadakia fundi viatu kutoka kiti cha pili, povu limemjaa kidevuni. "Tangu mwaka jana nimekungoja. Nimekungoja weee. Badala ya kupungua, unanenepa! Si ungwana huo."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hata Mama Sare alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Komeo peke yake ndiye hakucheka. Alinyolewa akiwa amenuna, na alipotoka alimuaga mtu kwa heshima zote, kumbe ni koti lililotundikwa mlangoni.

*

Jumatatu Mama Sare alikwenda kwenye ofisi ya Kamati ya Kuwaenzi Magwiji. Mkononi alikuwa na barua ya daktari wa macho. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: mtoto wa jicho wa mzee amekomaa kupita kiasi, wakimtoa ndani ya miezi miwili, mzee ataona, ikipita hapo, jicho litaharibika kwa ndani na upasuaji hautamsaidia tena. Gharama zenyewe zilikuwa kubwa kuliko sare za shule tatu zikiwekwa pamoja, na Mama Sare alikuwa anashonea shule moja, na hiyo moja ilikuwa inalipa kwa ahadi.

Macho ya mzee nyumbani yalikuwa yamegeuka kazi ya watu wawili. Alimimina chai mezani akidhani kikombe kipo. Alikanyaga pasi. Wiki iliyopita alisimama mbele ya gauni la sare lililotundikwa kwenye mlango, akaligombeza: "Wewe mtoto, umenipita mara ngapi leo huniamkii? Mama yako hakukufundisha adabu?" Mama Sare aliitikia shikamoo kwa sauti nyembamba kutoka nyuma ya cherehani, mzee akaridhika, kisha mama akaenda uani kulia kidogo na kucheka kidogo, hakujua kipi kilitangulia.

Karani wa Kamati alikuwa mtu mwembamba mwenye mhuri shingoni, ameufunga kwa uzi kama kengele ya mbuzi. Aliisoma barua, akaigeuza, akasoma na mgongo wake ambao haukuandikwa kitu.

"Mtoto wa jicho. Jicho moja au yote mawili?"

"Yote mawili, baba."

"Mapacha!" Karani akacheka peke yake mpaka akakohoa. Alipomaliza akavuta fomu. "Hali ya mgonjwa. Kuna *mahututi* na kuna *mahututi sana*. Nipige alama wapi?"

"Haoni tu. Mengine yote mazima. Anakula."

"Anakula?" Kalamu ikawekwa chini. "Mama, Kamati hii haimshughulikii mtu anayekula. Unakumbuka yule bondia aliyefia chumbani kwake, hakuna kiongozi aliyekuwa amemtembelea? Magazeti yalimtukana Mwenyekiti wiki nzima. Tangu hapo ametuagiza: tusishtukizwe tena. Sasa tunakwenda kwa orodha."

"Orodha ya hospitali?"

"Ya kinyozi," Karani akasema, bila aibu hata chembe. "Mwenyekiti anapaka nywele rangi pale kila Jumamosi jioni. Anatazama kamba, ananiletea majina Jumatatu. Watano wa kulia ndio tunawafungulia majalada. Mzee wako yuko ngapi?"

Mama Sare akakunja barua yake. "Alikuwa wa tisa. Wamemtoa."

"Pole sana," Karani akasema, na safari hii alimaanisha.

*

Mama Sare alifika nyumbani, akavua viatu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mzee, kuanzia leo unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Bado sijaamua. Moyo, labda."

"Moyo wa mwanamichezo? Hawataamini."

"Basi figo."

Komeo alifikiri. "Figo zina heshima," akasema. Akajilaza kujaribu.

Mama Sare hakwenda kwa kinyozi kutangaza. Angetangaza, wangejua. Alipita tu mlangoni na kikapu chake, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya sabuni: "Mwanangu, wewe unaweza kumnyoa mtu aliyelala?"

Mashine ikazimwa. "Amelala vipi, mama?"

"Amelala tu," akajibu, akaenda zake.

Kesho yake alianika godoro juani na kulipiga kwa fimbo mpaka mtaa mzima ukasikia. Keshokutwa yake alikwenda duka la vitambaa akaomba majora mawili ya kitambaa cheusi. Mwenye duka akamtazama kwa huruma, akampimia kwa mkono wa ukarimu. "Ni vya sketi za shule," Mama Sare akasema, na kweli vilikuwa vya sketi za shule, wanafunzi walikuwa wanavaa nyeusi. Lakini alilisema lile neno huku ameinamisha macho, na mwenye duka akamjibu, "Ndiyo, mama, ndiyo, vya sketi," kwa sauti ya mtu anayemfunika mwenzake aibu.

Jumamosi Komeo alirudi kwenye kamba, moja kwa moja namba saba. Fundi viatu, aliyekuwa amehamia kwa mchekeshaji, akaomba kurudishiwa mtu wake wa zamani. "Nilisema mimi! Ule unene ulikuwa wa maji!"

Hapo wageni wakaanza. Walikuja waliocheza naye, waliosema walicheza naye, na waliowahi kumwona kwenye picha. Walikaa kwenye benchi la wateja wa sare, wakanong'ona. Komeo alilala chumbani, shuka mpaka kidevuni, akasikiliza. Kwa miaka ishirini hakuna aliyekuwa amemsifu. Sasa kila mtu aliingia, akasimama miguuni pake, na kusema alikuwa mtu wa watu, alikuwa ukuta, alikuwa na mikono ya ajabu. Mmoja alilia kwa kwikwi. Alipotoka, Komeo akamwita mkewe.

"Yule nani aliyelia?"

"Simjui. Kakosea nyumba, nadhani. Kula haraka, kuna wengine wanakuja."

Akaja pia wifi yake Mama Sare, dada wa Komeo, akiwa na mkoba wa kulala siku nyingi. Alilia tangu getini, kilio cha kisawasawa chenye majina ya marehemu wa ukoo ndani yake. Akakatisha ghafla alipofika sebuleni.

"Wifi, hili kabati si lilikuwa la mama yetu?"

"Lilikuwa la dukani, wifi. Risiti ninayo."

"Nimeuliza tu." Akafuta machozi, akalifungua kabati na kutazama bawaba. "Kaka yangu ataniuliza huko aendako kama nimelitunza."

Wiki ya pili Komeo alikuwa namba nne. Jumatano Karani mwenyewe alituma ujumbe: jalada limefunguliwa, barua ya kwenda hospitali ya macho inaandikwa, maana Mwenyekiti amesema gwiji asife kipofu, haipendezi kwenye magazeti. Mama Sare alisoma ujumbe mara tatu, akamsomea na mzee sikioni ili wifi asisikie.

"Umefanikiwa," akamwambia. "Sasa tulia hapo hapo kwenye nne. Usipone, usizidi."

Komeo aliigeuzia uso dari asiyoiona.

"Nne," akasema mwishowe. "Mimi jezi namba nne sijawahi kuivaa hata mazoezini. Nne ni ya beki. Jezi yangu ilikuwa moja."

"Mzee, nakuomba."

"Nasema tu."

Lakini hakuwa anasema tu. Ijumaa kinyozi alikuja na mashine yake kumnyoa kitandani, kama alivyoombwa. Alimnyoa kwa upole, akimpima kwa jicho la kazi. Alipofika kwenye koo, Komeo alivuta pumzi kimyakimya na kuizuia. Mtu aliyekaa golini miaka kumi na mbili anajua kuzuia. Alizuia mpaka kinyozi akainama kusikiliza, mpaka kinyozi akasema "Mzee?", mpaka mashine ikaanguka sakafuni na kuzunguka ikinguruma yenyewe kama mdudu. Ndipo Komeo akaachia pumzi kidogo, yenye mluzi, akamalizia na kikohozi chembamba.

Kinyozi alitoka bila kudai chochote na bila kumalizia upande wa kushoto. Jumamosi saa saba na robo kibanio cha Komeo kilivuka vitatu kwa mkupuo na kukaa kulia kabisa, kikiigusa redio.

*

Jumatatu asubuhi Karani alibisha hodi. Mama Sare alimkaribisha kwa furaha, akafuta kiti, akamuuliza kama barua ya hospitali ameileta. Nyuma ya Karani aliingia mtu mwingine, mnene, penseli sikioni, akasalimia kwa sauti ya chini na kutoa futi ya chuma mfukoni.

"Huyu nani?" Mama Sare akauliza.

"Seremala wa Kamati."

"Kuna kiti kimevunjika?"

Karani alikohoa. "Mama, namba moja ana utaratibu wake. Jalada la matibabu la mzee tumelifunga leo saa mbili. Tumefungua la maandalizi. Jeneza lenye kioo, mabango mawili, na hotuba ya Mwenyekiti. Vitu vizuri sana. Wengine wanalilia."

"Na barua ya macho?"

"Iliandikwa Jumatano, mlipokuwa nne. Ilikuwa na sahihi na kila kitu. Jumamosi mkapanda." Akanyoosha mikono. "Nimeichana. Mama, nielewe. Wa pili mpaka wa tano tunawatibu, maana wakipona tunasifiwa. Wa kwanza hata tukimtibu atakufa, halafu tutaulizwa zile hela za macho zilikuwa za nini."

Mama Sare alifungua mdomo. Angesema nini? Kwamba mzee hafi? Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sikio mbele. Na Karani angemwandika wapi mtu aliyeidanganya Kamati?

"Na akipata nafuu?" akauliza.

"Ashuke kwanza kwenye kamba. Sisi tunafuata kamba."

Seremala alikwisha kuingia chumbani. Alitandaza futi kutoka utosini mwa mzee mpaka kwenye nyayo, akaandika kwenye kiganja chake. Shuka lilisogea. Vidole vya miguu vya Komeo vilikuwa vinanyooka taratibu, kama vya mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Seremala akapima upya, akakuna kichwa, akafuta, akaandika tena.

Walipoondoka Mama Sare alifunga mlango wa chumba kwa komeo.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Barua ilikuwa imesainiwa."

Komeo akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Ameandika futi tano na inchi kumi na moja," Komeo akasema. "Mimi ni futi sita."

"Nilikuona ukijinyoosha."

"Sikujinyoosha. Nilinyooka."

Mama Sare aliketi, mgongo ameupa kitanda, akashika tama. Mkono mkubwa wa mzee ukaja ukimtafuta: ukagusa mto, ukagusa meza, ukagusa hewa, mwisho ukampata begani. Zilibaki wiki tano kutimiza ile miezi miwili ya daktari.

*

Jumamosi iliyofuata Mama Sare alikwenda kibandani mwenyewe na kusimama katikati ya wanaume, kazi aliyokuwa hajaifanya maishani.

"Nimekuja kuwaambia mzee ana nafuu. Mumshushe kidogo. Wa tatu hivi, au wa nne."

Wakatazamana.

"Nafuu gani, mama?" kinyozi akauliza kwa upole.

"Leo amekunywa uji bakuli zima."

"Aaa!" Fundi viatu akashika kifua. "Bakuli zima! Basi ndiyo imefika. Baba yangu alikunywa bakuli mbili, hakuiona asubuhi."

"Na amekaa kitandani."

"Amekaa!" wakaitikia watatu kwa pamoja, kwa huzuni.

"Amecheka, jamani! Nimemwambia jambo akacheka!"

Hapo hata kinyozi alizima redio. Akamshika Mama Sare mkono. "Mama, usijidanganye. Hicho kicheko nakijua. Mwite dada yake awe karibu."

"Nawaambia mume wangu haumwi figo!"

"Bila shaka, mama," fundi viatu akasema, akimpisha kiti. "Na mimi mke wangu angekuwa mahali pako angesema hivyo hivyo. Ila nakuomba usiendelee. Nimengoja tangu mwaka jana, na ndevu zangu unaziona."

*

Mwenyekiti alikuja Alhamisi saa tisa alasiri, nywele nyeusi tititi, ameambatana na Karani na mwandishi wa gazeti, binti mmoja mwenye kinasa sauti. Uchaguzi wa Kamati ulikuwa umekaribia, na Mwenyekiti alitaka ionekane kwamba safari hii alifika mapema.

Mama Sare alikuwa amejiandaa. Tangu asubuhi alimfundisha mzee. "Akiingia, unafumbua macho. Unasema, 'Mwenyekiti, naona nafuu.' Basi. Aone kwa macho yake, akushushe yeye mwenyewe. Lakini uamke kidogo! Usiamke kama mtu aliyechelewa kazini."

"Kidogo," Komeo akaahidi.

Wakaingia. Chumba kilikuwa kidogo, kwa hiyo walijipanga: Mwenyekiti dirishani penye mwanga wa picha, Karani mlangoni, binti miguuni pa kitanda, wifi kando ya kabati la nguo, kanga mdomoni. Komeo akafumbua macho, akafungua mdomo. Lakini Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusubiri mdomo wa mwenzake. Alikwisha kutoa karatasi.

"Kabla sijasahau," akamwambia mwandishi, "andika haya. Ndiyo nitakayoyasema siku yenyewe, lakini unaweza kuyatoa mapema. Watu wanajua Komeo alipangua penalti ya mwisho kwenye fainali. Wasichokijua ni nani aliyemwonyesha njia. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha. Nilimfuata golini, nikamnong'oneza sikioni, nikamwambia, 'Ndugu yangu, ruka kushoto.' Akaniamini. Akaruka kushoto. Kombe likaja. Mpaka leo kila nikikaa peke yangu najiuliza, je, ningekaa kimya?"

"Ungekaa kimya ingekuwa vizuri!"

Shuka lilikuwa sakafuni. Komeo alikuwa amesimama juu ya kitanda, futi sita kamili, kichwa kinakaribia taa.

"Mwongo mkubwa! Nahodha wewe? Wewe ulikuwa benchi! Ulikuwa umevaa sweta, unamenya machungwa! Na niliruka kulia! Kulia! Bega hili hapa liliteguka, kila mwenye akili anajua bega la kulia! Hukuninong'oneza kitu wewe, hukuruhusiwa hata kuvuka mstari!" Kidole chake kilinyooka. "Nitazame nikisema na wewe! Mbona umeinama? Jibu!"

Kabati la nguo halikujibu. Wifi aliyekuwa kando yake alijisogeza polepole ili kidole kisije kikamhusu.

Mwandishi alitazama kidole, akatazama kabati, akamtazama Mwenyekiti kule dirishani.

"Mzee," akasema kwa upole, "Mwenyekiti yuko upande huu."

Kidole kikashuka. Komeo aligeuka, akapapasa ukuta, akasimama vile vile juu ya godoro, macho yake meupe yakitafuta dirisha na kulikosa kwa hatua mbili.

"Kaka!" wifi akasema kwa mshangao mchungu, akilitazama kabati la pale na kukumbuka la sebuleni. "Kumbe mzima!"

"Hafi," Mama Sare akasema. Hakuwa na la kuficha tena, na sauti yake ilitoka nyepesi. "Figo zake nzima, moyo mzima, mapafu mmeyasikia. Haoni. Ni hilo tu, na ndilo nililoleta ofisini kwenu siku ya kwanza. Mkaniambia mtu anayekula hamumshughulikii."

Mwenyekiti alijikusanya. "Mama, mmeidanganya Kamati nzima! Jeneza limekwisha pakwa vanishi! Mgonjwa mahututi anasimama juu ya kitanda ananifokea!"

"Tumekudanganya, baba. Tunaomba radhi." Akaokota shuka, akalikunja. "Na hayo machungwa?"

Binti akageuza kinasa sauti upande wa dirishani. "Naomba niandike sawasawa, Mheshimiwa. Kwenye fainali ulivaa jezi namba ngapi?"

Mwenyekiti akatazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Ni zamani sana. Nambari zilikuwa zinabadilika badilika."

"Kumi na sita," Komeo akasema kutoka juu. "Ilirudi kabatini bila kuloa jasho."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Karani, aliyegeukia mlango na kuushika mhuri wake usilie. Mwenyekiti alikitazama kile kinasa sauti. Kilikuwa na kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama.

"Hicho kinarekodi?"

"Tangu mlangoni, Mheshimiwa."

Mwenyekiti alikunja hotuba yake mara mbili, akaikunja tena mpaka ikatosha kwenye kiganja. Jasho lilianza kumshuka kwenye panja, na lilikuwa jeusi. Akamgeukia Mama Sare, akashusha sauti kama mtu anayeuliza jambo la nyumbani.

"Mama, yule daktari alisema tuanze na jicho lipi?"